Paa Lililoinua Bawa Moja

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye mtoto ampakate, mwenye kikohozi akikohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo zamani za kale, mbaazi zilipoota bila kupandwa na watu walipogombana bila sababu, palikuwa na kijiji. Katikati ya kijiji palikuwa na ukumbi wa duara usio na kuta. Nguzo nane zilizunguka, nguzo ya tisa ilisimama kati. Juu yake palikuwa na paa la nyasi, zito, limeezekwa mara mbili. Huo ulikuwa ukumbi wa Chama cha Bega.

Mwanjaa, mke wa Mdoe, aliujua ukumbi ule kwa nje tu. Wanawake hawakuingia. Lakini nguzo moja kati ya zile tisa aliijua kuliko wanaume wengi walivyoijua, kwa sababu aliibeba. Siku Mdoe alipotaka kuingia chamani alikata mti mgumu wa porini, ule ambao mchwa huuonja na kuuacha. Mdoe alishika shina, Mwanjaa akashika ncha. Walitembea nao tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Walipofika kwenye ua wa mbaazi, pale wanawake wanapokomea, Mdoe akasema, "Weka chini, mke wangu. Hapa naendelea peke yangu." Akauburuta mwenyewe, khwaa, khwaa, khwaa, mpaka ndani. Mwanjaa akabaki anapulizia bega lake lililochubuka.

Sasa tuulize. Chama kile kilitoka wapi?

Kilitoka kwa Mzee Semboja, enzi hizo bado kijana mwenye meno yote. Mwaka ule watu wa kijiji walikuwa wamenuniana. Huyu hamsalimii yule, yule haombi moto kwa huyu. Akafa mtu mmoja. Hakuna aliyekwenda kumzika. Semboja alikuwa shambani kwake akaona wanawake wawili wanapita njiani wamebeba kitanda. Mke wa marehemu mbele, dada yake nyuma. Kila kichuguu wanatua, wanahema, wanabeba tena. Wanatua, wanahema, wanabeba tena.

Semboja akatupa jembe. Akaingiza bega lake chini ya kitanda. Yule mjane alimwangalia. Mzee Semboja alisema baadaye kwamba macho yale ndiyo yaliyojenga ukumbi.

Akawakusanya wanaume wanane, yeye wa tisa. Kila mmoja akaleta nguzo yake. Paa wakalisuka chini, kisha wakaliinua kwa mikono, wote tisa, mikono kumi na minane juu. Na hapo, paa likiwa hewani, ndipo walipoapa.

"Ukiitwa?" akauliza Semboja.

"Njoo!" wakajibu.

"Shamba la ndugu?"

"Tulime!"

"Maiti ya ndugu?"

"Tubebe!"

"Akikosa mara tatu?"

"Nguzo yake ing'olewe!"

Vizuri. Kiapo kingeishia hapo, wala mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini mmoja wao akasema, "Semboja, fanya haraka, ugali wa mke wangu unapoa." Mwenzake akacheka, "Ugali wa mkeo? Ule hata ukiwa moto nani anaukimbilia?" Yule wa kwanza akageuka na hasira, mikono ikalegea, paa likayumba, kakara! kakara! Watu wakapiga kelele. Semboja naye, shingo imemsimama mishipa, akapiga ukelele wa haraka:

"Ya nyumbani yabaki nyumbani!"

"Yabaki!" wakaitika wote, maana walikuwa wamechoka.

Paa likatua juu ya nguzo. Na neno lile likatua pamoja nalo. Likawa sheria.

Tangu siku ile hakuna aliyetaja nyumba yake ukumbini. Mtu akifiwa na mbuzi anasema. Akiuguliwa na mke, hasemi. Shamba anasema, zizi anasema, mto umefurika anasema. Mtoto halali, mama hali, baba haoni usingizi, hasemi. Miaka ikaenda. Wazee wakafa, wengine wakashika nafasi zao. Semboja akazeeka, akabaki peke yake katika wale wa kwanza. Nguzo ya kati ilikuwa yake.

Paukwa!

Pakawa! Endelea.

Mwanjaa alipata mimba. Mwezi wa saba, kabla ya wakati, uchungu ukamshika. Mkunga, Bibi Nchole, akaitwa mbio. Mtoto akatoka, wa kike, mdogo kama kiazi cha mwisho wa shamba. Hakulia. Alisema "nge" mara moja, akanyamaza kama aliyejutia.

Bibi Nchole akamwangalia. "Huyu hajaiva," akasema. "Tumbo limemtoa mbichi. Sasa mtamwivisha nyie. Ngozi kwa ngozi, kifuani, mchana na usiku. Asiwekwe chini mpaka mwezi uandame mara mbili. Na wageni wasiingie, jamani. Pumzi za watu wengi zitamzima."

"Nitamshika," alisema Mwanjaa.

Lakini kesho yake homa ya uzazi ikamwangusha. Leo anatetemeka kama jani, kesho anawaka kama jiwe la mafiga. Mtoto hawezi kulala juu ya kifua kinachotetemeka. Basi Mdoe akavua shuka lake, akamweka mtoto kifuani, akamfunga kwa kaniki, akajifunika shuka juu yake. Alimpeleka kwa mama anyonye, akamrudisha kifuani. Akapika naye. Akachota maji naye. Alitembea kwa kuinama, polepole, kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Mwanjaa alikuwa akifumbua macho katikati ya homa, anamwona mume wake amekaa mlangoni, mtu mrefu vile, amejikunja kumzunguka kiumbe kile, anamwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa kulimia kwa sababu hakujua wimbo mwingine. Alitaka kucheka, akakosa nguvu.

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kijito, peke yake. Baragumu la chama lililia. Puu! Puuuu! Kulikuwa na kulima kwa Mzee Kihiyo. Mdoe hakwenda. Ilikuwa siku ileile ya kuzaliwa mtoto.

Baragumu likalia. Puu! Puuuu! Kulikuwa na kuezeka. Mdoe hakwenda. Mwanjaa siku ile hakuwa akijitambua.

Baragumu likalia mara ya tatu, na safari hii lililia kwa kilio kirefu cha msiba. Alikuwa amekufa baba yake Kibanga.

Kibanga ndiye aliyekuwa mshika sheria wa chama. Mfupi wa kimo, mrefu wa maneno. Wakati wa kuinua paa alikuwa anapindua kinu, anasimama juu yake, na ole wake atakayecheka. Lakini alikuwa mtu wa haki, na alimpenda sana baba yake. Siku ile aliangalia njia ya kijito. Aliangalia mara moja, mara mbili, mara tatu. Mdoe hakutokea. Maiti ikabebwa na mabega yaliyopungua moja.

Baada ya matanga Kibanga akaja mpaka kwenye kijito, akasimama upande wa pili. Shuka la Mdoe lilikuwa limefungwa mpaka shingoni.

"Mdoe!"

"Naam, ndugu yangu. Pole na msiba."

"Pole yako iweke. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na jambo."

"Jambo gani?"

Mdoe akavuta shuka shingoni, akasema, "La nyumbani."

Kibanga hakuuliza zaidi. Angeulizaje? Aligeuka akaenda, na mgongo wake tu ulitosha kusema.

Mwanjaa alisikia yote kutoka kitandani. "Ungemwambia," alisema Mdoe alipoingia.

"Niliapa."

"Uliapa kumficha mtoto?"

"Niliapa ya nyumbani yabaki nyumbani. Nikivunja moja, nitashika lipi?"

Mwanjaa akageukia ukutani. Alijua maana ya nguzo kung'olewa. Aliyeng'olewa halimiwi, haezekewi, habebwi. Mvua za kupanda zilikuwa karibu, wao hawajafyeka hata upana wa mkeka. Mume ana mtoto kifuani, mke hana nguvu ya kuinua mwiko. Bila mabega ya chama hawatapanda. Wasipopanda, maziwa yake yatakauka. Na kiazi kile cha mwisho wa shamba kitaiva na nini?

Kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa akikishangaa siku zile. Kila asubuhi ya tatu, Mdoe akifungua mlango, alikuta mzigo wa kuni. Hazikuwa kuni za kawaida. Zilikuwa kavu sana, zimepasuliwa nyembamba kama vidole, zile ambazo huwaka bila moshi. Zimefungwa kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili, la pili limeelekea chini. Nani aliyeleta? Hakuna aliyebisha hodi. Mwanjaa alifikiri ni Bibi Nchole. Bibi Nchole akasema, "Mimi? Mgongo huu? Mimi mwenyewe naomba kuni." Mwanjaa akawasha zile kuni, nyumba ikapata joto bila moshi, mtoto akapumua vizuri.

Siku ya kung'oa nguzo ikafika. Asubuhi, jua limeshapanda. Puu! Puuuu!

"Sitaenda," alisema Mdoe. "Waing'oe. Sitaki kuona."

Hiyo ilikuwa siku ya nne tangu homa ya Mwanjaa ishuke. Akaketi. Akasimama, akajishika ukuta. "Mimi nitakwenda."

"Uende wapi na hali hiyo?"

"Ncha ya nguzo ile nimeibeba mimi. Kama inatoka, nataka kuiona ikitoka."

Akachukua fimbo, akatoka. Mdoe angefanya nini? Akamfuata nyuma, mtoto kifuani, shuka mpaka shingoni. Walivuka kijito polepole. Walipofika kwenye ua wa mbaazi wakasimama nyuma yake. Mwanjaa akatenganisha matawi, akachungulia.

Wanaume wanane walikuwa ndani. Kibanga alishasimama karibu na nguzo ya Mdoe. Mzee Semboja alikuwa ameegemea nguzo ya kati, kofia mkononi.

"Mzee," alisema Kibanga, "sheria unaijua kuliko sisi. Mara tatu amekosa. Sisemi kwa sababu ya baba yangu."

"Unasema kwa sababu ya baba yako," alijibu Mzee Semboja bila ukali, "na si vibaya. Baba yako alikuwa rafiki yangu. Haya, ing'oeni. Lakini nguzo ikitoka, paa litashikwa na nini?"

Wakatazamana. Jamani, miaka yote ile walikuwa na sheria ya kung'oa nguzo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo!

"Tutashika sisi," alisema Kihiyo, mzee wa makamo, mpole, mwenye tumbo.

"Vyema. Mshike."

Wawili wakatikisa nguzo. Haikutoka. Wakachimba, wakatikisa tena. Ikalia, nguuuu, ikatoka, ikaanguka vumbini, pwaa! Paa likainama, kakara! kakara! kakara!

"Shika! Shika!"

Wote wakarusha mikono juu. Kibanga akarukia kinu chake. Paa likatulia juu ya viganja vyao.

"Haya," alisema Kibanga, jasho linamtoka, "sheria imetimia. Tutie nguzo nyingine."

"Bado haijatimia," alisema Mzee Semboja. Naye mikono yake mikavu ilikuwa juu. "Kiapo tulikifunga mikono ikiwa juu. Kufungua ni vilevile. Mtu hatoki chamani mpaka idadi ileile ya mikono iwe juu, imeshika paa. Kihiyo, hebu hesabu."

Kihiyo akahesabu kwa macho. "Kumi na sita, Mzee."

"Tulifunga kwa mingapi?"

"Kumi na minane."

"Miwili iko wapi?"

Mmoja akasema, "Ni ya Mdoe."

"Ni ya Mdoe," alisema Mzee Semboja. "Basi tumsubiri aje atusaidie kumfukuza."

Wakamtumbulia macho. Mzee hakucheka. Labda jicho moja tu.

Wakasubiri. Jua likapanda. Mikono ikaanza kutetemeka. Nyasi zikamwagika vichwani, chachacha. Nzi akatua puani kwa Kihiyo. Akapuliza, fuu! Nzi akarudi. Fuu! Nzi akarudi.

"Mzee," alisema mmoja, "mimi naomba niende kidogo."

"Uende wapi, mwanangu?"

Yule akafungua mdomo, akaufunga. "Kuna jambo."

"Mzee, na mimi," alisema mwingine. "Nina jambo."

"Jambo gani?"

Akainamisha kichwa. Kila mmoja alikuwa na jambo. Huyu mtoto wake anaharisha. Yule mkewe ameteguka mguu na maji nyumbani hakuna. Kihiyo mama yake hawezi kula mpaka alishwe, na saa yake ya kula ilikuwa imepita. Lakini nani atasema? Wakasimama hivyo, wanaume wazima, midomo imefungwa, mikono juu, kama kuku waliokamatwa.

Nyuma ya mbaazi Mwanjaa aliona mikono ya Mzee Semboja. Ilikuwa inatetemeka kuliko yote. Aliona pia nafasi ilipokuwa nguzo yao, paa limelegea pale kama mdomo wa kibogoyo. Akamgeukia mume wake.

"Nenda."

"Niende kufanya nini? Wamenitoa."

"Mzee anaanguka. Nenda."

"Na mtoto?"

"Mwezi haujaandama mara ya pili. Hashuki kifuani. Nenda naye."

Mdoe akamwangalia. Kisha akaupita ua wa mbaazi, akaingia ukumbini kwa ule mwendo wake wa kubeba yai. Hakumsalimia mtu. Akasimama pale pale ilipokuwa nguzo yake, akaingiza bega, akainua mikono. Alikuwa mrefu. Paa likanyanyuka, na watu wote wanane wakahema kwa pamoja, "Aaah!"

Lakini alipoinua mikono, shuka likamtoka begani. Likateleza likaanguka. Kaniki ikaonekana, na ndani ya kaniki, kichwa kidogo chenye nywele kama vumbi la mahindi.

"Nge," alisema mtoto.

Hakuna aliyeweza kuondoka. Hakuna aliyeweza hata kujifunika uso. Mikono yote ilikuwa na kazi.

Kibanga, juu ya kinu chake, alikuwa ana kwa ana na mtoto. Mguu mmoja ulikuwa umetokeza kwenye kaniki. Unyayo wenyewe haukuzidi ganda la ukwaju. Kibanga akautazama. Akatazama juu kwenye nyasi. Akautazama tena. Na yule mshika sheria, mwenye fimbo ya chama, ndiye aliyesema:

"Ana siku ngapi?"

"Heee!" watu wakashtuka. Swali la nyumbani! Ukumbini! Mdomoni mwa Kibanga!

Mdoe hakujibu. Aliuma meno. Aliapa, na kiapo alikuwa amekishika mpaka mwisho.

Basi sauti ikatoka kwenye ua wa mbaazi.

"Mimi sikuapa," alisema Mwanjaa. Alikuwa ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. "Mimi nitajibu. Alizaliwa siku mliyolima kwa Mzee Kihiyo, kabla ya wakati wake. Siku ya kuezeka mimi nilikuwa nimelala sijijui. Na siku ya baba yako, shemeji Kibanga, mtoto huyu alikata pumzi mara mbili. Mume wangu alimpulizia puani. Baragumu likilia, yeye anapuliza. Aliporudi kupumua, mume wangu akakaa chini akamlilia baba yako. Machozi yakamwangukia mtoto kichwani, nikayafuta mimi mwenyewe."

Akaishiwa pumzi. Akakaa chini palepale kwenye majani.

Kibanga alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama kimo chake, "Mbona hukuniambia, Mdoe? Nilikuja mpaka kijitoni."

"Ningesemea wapi, ndugu yangu?"

Hapo Mzee Semboja akasafisha koo. "Msimlaumu Mdoe. Wala Kibanga. Nilaumuni mimi. Sheria ile niliisema mimi, siku paa lilipoyumba, kwa sababu ya ugali wa mtu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka. Miaka yote nimeiona inawabana, nikanyamaza, nikijiambia mzee harudi kulamba neno lake. Nikaona moshi kwenye nyumba ya Mdoe mchana wa jua kali. Nikajua kuna mtu anaoteshwa moto. Hata mimi sikuuliza. Chama tulikianzisha ili bega la mtu lisibaki peke yake, nami nikaweka neno linalowaacha watu peke yao."

"Mzee," alisema Kihiyo, nzi bado puani, "maneno yako matamu, lakini mikono yetu inakatika."

"Basi hesabu."

Kihiyo akahesabu. "Kumi na minane!"

"Haya. Kilichofungwa na mikono hii, mikono hii ikifungue. Kibanga, wewe ndiye mshika sheria. Ya nyumbani?"

Kibanga akamwangalia mtoto.

"Yasemwe!" akapaza sauti.

"Yasemwe!" wakaitika wote, na mtoto akasema "nge", na Mdoe akacheka huku analia, na hakuweza kujifuta.

Na maneno yakamwagika! "Mwanangu anaharisha!" "Mke wangu kateguka mguu!" "Mama yangu hajala!" Wakasema wote kwa pamoja, mikono juu, hakuna anayemsikia mwenzake, mpaka Mzee Semboja akasema, "Tutieni nguzo kwanza, jamani, tusife na siri zetu zimetoka!"

Nguzo ya Mdoe irudishwe. Lakini Mdoe amebeba paa kwa bega na mtoto kwa kifua. Atachimba vipi? Kibanga akashuka kwenye kinu. Akapiga magoti miguuni pa Mdoe, shimo lilikuwa limejaa udongo, akalichimba kwa mkono wake, kwa haraka, tupa, tupa, tupa. Alichimba mpaka mkono wake ulipokomea. Na mkono wa Kibanga mnaujua. Shimo likawa fupi. Nguzo ikaingia, ikasimama, ikapita zile zingine kwa shubiri nzima. Upande ule paa likabaki limenyanyuka.

"Haiko sawa," alisema Mdoe. "Tuchimbe tena."

Mzee Semboja akashusha mikono, akaisugua. Akalitazama paa kwa muda. "Iache," akasema. "Umewahi kumwona kuku akimwingiza kifaranga? Anainua bawa moja."

Wakaiacha.

Kesho yake Kibanga alifika wa kwanza ng'ambo ya kijito, jembe begani. Alipiga hodi safari hii. Wakalima, ku! ku! ku!, wanane hawa na Mdoe amekaa kivulini na mtoto, anawaimbia wimbo wa kulimia, nao wanamtania, "Ongeza sauti, mama mtoto!" Walipopumzika kulima, Mdoe akafuatana na Kibanga mpaka kwenye kaburi la baba yake Kibanga, akapiga magoti, akatia udongo wake aliokuwa anadaiwa. Mvua ikaja. Mbegu zikaingia. Mwezi ukaandama mara ya pili, na Bibi Nchole akaja akamweka mtoto kwenye mkeka. "Ameiva," akasema. Wakamwita Mwantumu.

Tangu hapo, Chama cha Bega kikikutana, neno la kwanza si hesabu ya nani kaja na nani hakuja. Neno la kwanza ni "Nyumbani je?" Na anayeulizwa husema kweli. Asipokuja mtu, wawili hutumwa mlangoni kwake kabla jua halijapinduka. Sheria ya kung'oa nguzo ipo mpaka leo. Haijatumika tena, maana inahitaji mikono ya anayefukuzwa, na akishafika, watu humwuliza ya nyumbani.

Mwantumu alipokuwa anakimbia na kuchuma mbaazi, Mzee Semboja alikufa. Alibebwa na mabega ya kijiji kizima, wakipokezana, wala hawakutua kwenye kichuguu hata kimoja.

Mwanjaa alikwenda kupika matangani. Alitumwa kuchukua kuni nyuma ya nyumba ya marehemu. Akafika, akasimama. Ukutani palikuwa na rundo la kuni kavu, zimepasuliwa nyembamba kama vidole. Zimefungwa kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili, la pili limeelekea chini.

Akaketi chini pale, akalishika lile fundo. Walipomwita, akajifuta kwa pindo la kanga, akabeba mzigo mmoja akaupeleka jikoni. Mzigo mwingine akauficha chini ya mbaazi. Jioni, kabla jua halijazama, akaupitisha kwa msichana mmoja aliyejifungua juzi, akauweka mlangoni. Hakubisha hodi kwa nguvu, alimwacha mzazi apumzike. Lakini alisimama pale, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nyumbani je?"

Wenzangu, mwenzako asipofika, usihesabu siku alizokosa. Hesabu hatua za kufika mlangoni kwake, ni chache kuliko unavyodhani.

Na wewe ukipita kijijini kwao utauona ukumbi ule, umeinua paa upande mmoja. Usiwaambie wameujenga vibaya. Inama uingie chini ya bawa, na ukiulizwa habari za nyumbani, sema.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapo. Anayetaka kuubeba, hili hapa bega.